Kwa Baiskeli Kutoka Mnarani Hadi Rabai

Mtu akikuambia kwamba Pwani yetu ni nchi tambarare, basi jua ya kuwa hajapata kuendesha baiskeli kutoka Mavueni kwenda Kaloleni. Mimi mwenyewe nimeipita njia hiyo mara nyingi nikiwa ndani ya gari, na kila mara nalidhani ni njia ya kawaida yenye vilima viwili vitatu. Gari halimwambii mtu ukweli wa nchi. Anayeambiwa ni yule akanyagaye pedali, maana kila kilima hukilipia kwa jasho lake mwenyewe, na kila mteremko huupokea kama mshahara wa mwisho wa mwezi, ambao nao hauchukui muda kwisha.

Safari ninayotaka kuwasimulia wasomaji tuliifanya watu wawili katika mwezi wa Agosti, wakati masika yamekwisha kupita na jua halijaanza ukali wake. Mwenzangu ni mwalimu wa shule ya msingi, aliyenizidi umri kwa miaka kumi na zaidi, nami humwita Mwalimu tu, kama wanavyomwita watoto wa mtaa mzima. Yeye naye huniita Karani. Ndiye aliyeleta shauri la safari. Alikuja kwangu jioni moja akasema, “Karani, una likizo siku ngapi?” Nikamjibu kwamba ninazo tatu. “Zatosha,” akasema. “Twende Rabai kwa baiskeli, lakini tupitie Takaungu kwanza.”

Nikamwambia kwamba mtu anayekwenda Rabai kutoka Mnarani hana haja ya kupitia Takaungu, kwa kuwa ni kuiacha barabara kuu na kwenda pwani, kisha kurudi tena. Akacheka, wala hakunieleza.

Kwanza niseme habari za vyombo vyetu, maana najua wako wasomaji watakaotaka kujaribu. Baiskeli yangu ni ile nyeusi, nzito, isiyo na gia, ambayo watu huiita Black Mamba. Marehemu baba yangu aliitumia kubebea magunia ya mahindi, na keria yake ya nyuma ni ya chuma kinene. Baiskeli ya Mwalimu ilikuwa nyepesi, yenye gia nyingi, ambayo aliinunua ikiwa imekwisha kutumiwa huko Ulaya. Alijivuna nayo sana. Wiki moja kabla ya safari aliipeleka kwa fundi mmoja aikaze kila kitu, na fundi akamwambia imekazwa. Neno hilo mlikumbuke.

Tulichukua pampu, viraka na gundi yake, spana mbili, mpira wa ndani mmoja wa akiba kwa kila baiskeli, shuka, na maji lita tatu kila mtu. Mzigo tuliufunga kwa vipande virefu vya mpira wa ndani uliochakaa, ambavyo ni bora kuliko kamba, kwa sababu huvutika na kuubana mzigo hata njia ikitikisa namna gani. Tena mzigo mzito ukae chini, pande zote mbili za gurudumu la nyuma. Ukiuweka juu juu, kila kona ya mteremko itakutisha.

Jioni ya kuamkia safari tulikwenda kutazama magofu ya hapa kwetu. Ni aibu kusema, lakini wako watu waliozaliwa Mnarani na kuzeeka ambao hawajayapanda yale madaraja yanayotoka ufukoni hadi juu ya jabali. Huko juu, penye mibuyu mikubwa, yako mabaki ya mji wa Waswahili wa kale: msikiti mkubwa wenye maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa katika mawe, msikiti mdogo, kisima kirefu, na makaburi, mojawapo likiwa na nguzo ndefu ya mawe. Jina la mahali lasema lenyewe: penye mnara. Mtaalamu James Kirkman, yule yule aliyefukua mji wa Gedi kuanzia mwaka wa 1948, alifukua hapa pia katika miaka ya 1950. Watu walikaa katika mji huu tangu karne ya 14 hivi, hata mwanzoni mwa karne ya 17 ukahamwa. Ukisimama pale leo unaiona hori ya Kilifi yote chini yako, na daraja lililofunguliwa mwaka wa 1991. Kabla ya hapo magari na watu walivushwa kwa kivuko, na wazee wetu bado wakitaja jambo la zamani husema, “Hiyo ilikuwa wakati wa feri.”

Mwalimu aliyatazama magofu kwa adabu lakini hakukaa sana. Akasema kwamba waliolala pale walikuwa wenye mji, na wenye mji siku zote hupata wa kuwaandikia jina.

Tuliondoka yapata saa 11 alfajiri. Barabara kuu ya Mombasa na Malindi ni nzuri lakini ina malori, na dereva wa lori haoni baiskeli ila kama kuku. Shauri langu ni kuianza kungali giza kidogo, mkiwa na taa mbele na nyuma, na kuimaliza kabla malori hayajawa mengi. Tena katika miezi ile upepo ni kusi, nasi tulikuwa tukielekea kusini, basi upepo ulitupiga kifuani kama mtu anayekuzuia mlangoni. Hata hivyo jua lilipotoka tulikuwa tumekwisha kuingia njia ya Takaungu, kati ya minazi na mashamba ya mihogo, na umande ungaliko majanini.

Takaungu ni mji mdogo, mtulivu, ulio kando ya hori yake nyembamba yenye maji ya kijani kibichi. Ng’ambo ya hori, upande wa kaskazini, magofu ya Kitoka yamefichwa na msitu. Asiyejua habari zake atasema ni kijiji cha wavuvi basi. Lakini mwaka wa 1837, Sayyid Said wa Unguja alipowaondoa Mazrui katika utawala wa Mombasa, baadhi yao walikwenda Gazi, kusini, na wengine wakaja hapa. Takaungu ikawa mji wenye nguvu. Mashamba ya nafaka yakaenea nyuma yake, na nafaka ikapelekwa kwa majahazi hadi Arabuni. Na mashamba hayo yalilimwa na watumwa. Mkataba wa mwaka wa 1873 ulikataza kusafirisha watumwa baharini, na soko la Unguja likafungwa, lakini mtu aliyekwisha kuwa shambani alibaki shambani. Katika ukanda huu wa Pwani hali ya utumwa haikufutwa katika sheria mpaka mwaka wa 1907.

Tulinunua mahamri na mbaazi kwa mama mmoja karibu na ufuko, tukaketi juu ya ukuta mfupi. Hapo ndipo Mwalimu aliponieleza kilichotuleta.

“Nyanya wa bibi yangu,” akasema, “alitoka hapa. Ukihesabu kutoka kwangu, ni kizazi cha tano. Alikuwa msichana wa shamba. Usiku mmoja akatoroka pamoja na wenziwe wawili, wakakimbilia Rabai. Mmoja hakufika.”

Nikamwuliza kama jina lake lajulikana.

“Jina alilopewa Rabai lajulikana. Jina alilokuja nalo hapa halijulikani, wala nchi aliyotoka. Bibi alikuwa akitusimulia usiku, kisha asubuhi akituonya tusiseme shuleni. Mimi nafundisha historia darasa la sita, Karani. Nawafundisha watoto habari za biashara ya utumwa, naandika ubaoni, nauliza maswali. Sijapata hata siku moja kuwaambia kwamba ni habari ya nyumbani kwetu.”

Sikujua la kumjibu. Nami naliona haya kwa yale niliyosema kwamba njia ya Takaungu ni ya kupoteza wakati. Alinawa mikono, akampa mama yule shukrani zake, tukapanda baiskeli. Hakuna alama yoyote tuliyoitafuta pale. Alitaka tu kuanzia mahali alipoanzia yule msichana.

Kutoka Takaungu tulirudi barabara kuu, na kusi sasa ikatusukuma mgongoni hata Mavueni. Hapo ndipo panapotoka barabara ya kwenda Kaloleni na Mariakani, na hapo ndipo vilima vinapoanza. Sisemi kwamba ni milima ya theluji. Lakini nchi inapanda kama ngazi iliyojengwa na fundi mlevi: daraja moja refu, la pili fupi, kisha unashushwa hadi bondeni kwenye kijito na kutakiwa kuanza upya. Mwenye gia huketi akachezesha miguu polepole. Mwenye Black Mamba husimama juu ya pedali mpaka kifua kikatae, kisha hushuka akasukuma. Mimi nalisukuma sana siku ile. Mwalimu alikuwa akinisubiri juu ya kila kilima, chini ya mwembe, akiwa amekwisha kuvua kofia na kupunga upepo, na neno lake lilikuwa moja tu: “Karani, uza hiyo kwa vyuma vikuukuu.”

Hii ni nchi ya Wachonyi, na ukiendelea mbele ni ya Wajibana. Baada ya nyika kavu unayoiona ukielekea Bamba, macho hushangaa kwa ubichi wake. Minazi imejaa mabonde na migongo ya vilima, na chini yake miembe, mikanju, michungwa, mihogo na migomba. Mkulima mmoja aliyetupa maji alituonyesha shamba lake lililo katika mwinamo mkali. Alikuwa amepanga magogo na majani makavu kwa kukingama mwinamo, na juu ya kila mstari udongo ulikuwa umejikusanya mweusi mzuri. Jirani yake alikuwa hakufanya hivyo, na mahindi yake yalikuwa mafupi, ya njano, yamesimama katika changarawe. Mkulima yule hakumsema jirani yake kwa ubaya. Alisema tu kwamba udongo wa jirani umekwisha kuhamia Takaungu kwa miguu, usiku, wakati wa mvua. Mwalimu akacheka mpaka akakohoa, nami peke yangu nalijua kwa nini.

Katika safu hii ya vilima ndimo zilimo kaya za Wamijikenda, yaani ile misitu ambayo zamani wazee walijenga vijiji vyao ndani yake vikizungukwa na miti minene. Ukipita barabarani utaiona: shamba, shamba, kisha ghafula kilima kimevikwa miti mirefu myeusi ambayo hakuna aliyeigusa kwa shoka. Mwaka wa 2008 misitu hiyo iliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Mgeni haingii bila ruhusa ya wazee, wala hakati tawi, wala haokoti kitu. Sisi hatukuingia, kwa sababu hatukuwa na wakati wa kuomba kwa adabu, na jambo la namna hiyo likiombwa haraka haraka ni kama halikuombwa. Lakini tulisimama kando, na baridi iliyotoka katika miti ile tuliisikia mpaka barabarani.

Wakati tumesimama pale Mwalimu alisema jambo ambalo sikuwa nimelifikiri. Alisema watoro hawakupita barabara hii, maana haikuwako, tena walikwenda usiku na kujificha mchana. Wasingeweza kujua kila msitu ni wa nani, wala watu wake watawapokea au watawarudisha Takaungu wapate thawabu. Historia inaonyesha kwamba yote mawili yalitokea. Alikuwako Mgiriama mmoja Mkristo, David Koi, aliyewapokea watoro katika makao ya Fuladoyo huko bara, naye kwa sababu hiyo alikamatwa na kuuawa na watu wa Pwani katika miaka ya 1880. Kumpokea mtoro kulikuwa na bei.

Tulilala Kaloleni, katika nyumba ya wageni ya bei nafuu. Miguu yangu ilikuwa kama si yangu. Jioni mji huo hunukia tembo la mnazi, na wagema hushuka na vibuyu vyao na vyombo vya plastiki, wengi wao wakiwa juu ya baiskeli kama yangu. Mmoja aliigonga keria yangu kwa kidole akasema, “Hii ndiyo baiskeli.” Nikamtazama Mwalimu, naye akajifanya hakusikia.

Siku ya pili tuliiacha lami, tukashika njia za udongo kuelekea Ribe. Hapo ndipo vilima vikawa vilima kweli. Njia inakatwa na makorongo, mawe yametokeza, na kwenye mteremko breki hulia kama mbuzi. Katika kilima cha tatu au cha nne, Mwalimu akiwa mbele yangu kama kawaida, nalisikia mlio wa chuma, kisha nikamwona amesimama katikati ya njia akiwa na mkono wa pedali wa kushoto umeshikamana na kiatu chake. Nati ilikuwa haijakazwa. Kwa kuwa alikuwa ameiendesha hivyo kutwa nzima, tundu la chuma lilikuwa limekwisha kulika na kuwa la mviringo, na hata tulipoikaza kwa spana haikushika zaidi ya hatua kumi. Fundi aliyesema imekazwa simtaji. Ila nawaambia wasomaji: mfundi akikwambia baiskeli imekazwa, chukua spana uihakikishe mwenyewe mbele yake, hata kama ni shemeji yako.

Basi tukawa watu wawili wenye baiskeli moja na nusu. Tulifunga ile iliyovunjika ubavuni mwa Black Mamba, tukaona haiwezekani. Mwisho tulikubaliana hivi: mmoja aendeshe Black Mamba na mizigo yote, mwingine aikokote ile nyepesi kwa miguu, na kila baada ya kilima kimoja tubadilishane.

Ribe tulipita kwa namna hiyo, tukifuatwa na watoto. Ni mahali penye historia ya Wamethodisti. Thomas Wakefield alianza kazi hapa mwanzoni mwa miaka ya 1860, na mwenzake Charles New ndiye aliyepanda Kilimanjaro mwaka wa 1871 hata akaigusa theluji. Naye alikufa mwaka wa 1875, akirudi kutoka safari nyingine. Tungependa kukaa, lakini kwa mwendo wetu tuliogopa giza.

Hata hivyo ile shida ya baiskeli ilinikumbusha kisa ambacho nalikisoma zamani, nikamsimulia Mwalimu tukiwa njiani. Mjerumani Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka wa 1844, na katika miezi michache mkewe na mtoto wake mchanga wakafa kwa homa. Mwaka wa 1846 akaja Johannes Rebmann kumsaidia, na mwezi wa Agosti mwaka huo huo wakapanda kutoka hori kwenda Rabai kuanzisha kituo. Wote wawili walikuwa wanaumwa homa, na walikuwa na punda mmoja. Basi ikawa huyu apanda, huyu atembea, kisha wabadilishane, na kilima kile kile cha Rabai kiko mbele yao.

“Na mwenye punda ndiye aliyekuwa mzito?” akauliza Mwalimu.

Nikamjibu kwamba kitabu hakikusema.

Tuliingia Rabai alasiri, tumejaa vumbi jekundu. Ziko nyumba za zamani zinazotajwa kwa majina ya Krapf na Rebmann, liko kanisa la Mtakatifu Paulo, na iko nyumba ndogo ya makumbusho. Kutoka juu pale, siku ya hewa safi, unaweza kuona hori za Mombasa zikimetameta upande wa mashariki. Nami nalitaka sana kupaona, maana kutoka kituo hiki Rebmann aliondoka mwezi wa Aprili mwaka wa 1848 akiwa na mwavuli wake, na tarehe 11 Mei akaiona Kilimanjaro yenye kilele cheupe. Mwaka uliofuata, tarehe 3 Desemba, Krapf akauona Mlima Kenya. Wataalamu waliokaa Ulaya, kama yule William Desborough Cooley wa London, wakakataa, wakasema theluji haiwezi kuwako karibu na ikweta. Wale waliotembea kwa miguu walikuwa sahihi. Rebmann alikaa Rabai na jirani zake mpaka mwaka wa 1875, akaondoka akiwa kipofu, akafa mwaka uliofuata. Kamusi ya Kiswahili ya Krapf ilitoka mwaka wa 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake.

Mambo hayo nalikuwa nayajua. Yale aliyoyajua Mwalimu, na ambayo naliyasikia vizuri kwa mara ya kwanza, ni ya watu weusi wa kituo hicho. Mmoja wao ni William Henry Jones. Alichukuliwa utumwani utotoni, akaokolewa, akalelewa na kusomeshwa huko Nasik katika Bara Hindi, akarudi Afrika kuwa mwalimu, na mwaka wa 1885 akapewa ushemasi. Mwaka huo huo Askofu James Hannington aliondoka Rabai kwenda Uganda pamoja na Jones. Askofu akatangulia mbele na watu wachache, akauawa Busoga mwezi wa Oktoba. Jones ndiye aliyewarudisha waliobaki, kwa mwendo wa majuma mengi, hata wakafika Rabai mwezi wa Februari 1886. Mbele yao kulikuwa na bendera ya samawati yenye neno moja, Ikabodi, ambalo katika Biblia maana yake ni kwamba utukufu umeondoka.

Chini ya watu kama Jones, Rabai ilijaa watoro. Wamisheni Wazungu walikuwa wamekatazwa kuwapokea, kwa kuwa serikali zote mbili, ya Sultani na ya Waingereza, hazikutaka ugomvi na wenye watumwa wa Pwani. Lakini mtoro aliyefika usiku hakwenda kubisha kwa Mzungu. Alibisha kwa aliyefanana naye, akapewa mahali pa kujenga na jembe. Hata mwaka wa 1888, Kampuni ya Imperial British East Africa ilipoanza kazi Mombasa, wenye watumwa walidai watu wao kwa kelele, na hesabu ikafanywa katika vituo vya misheni. Walipatikana zaidi ya 1,400. Mkubwa wa kampuni, George Mackenzie, akakubali kuwalipa mabwana fidia, na tarehe 1 Januari 1889 watoro wakapewa hati za uhuru.

“Wakati ule ule,” nikasema, ili kupunguza uzito wa maneno, “ndipo Dunlop wa Belfast alipata hataza ya tairi la upepo. Ilikuwa Desemba 1888.”

“Basi wangengoja kidogo wangekuja kwa baiskeli,” akasema Mwalimu. Lakini hakucheka. Baada ya kitambo akaongeza, “Angalia hesabu, Karani. Aliyelima miaka kumi bila ujira hakulipwa. Aliyelipwa ni yule aliyemlimisha. Hesabu hii siku moja nitaiweka ubaoni nione wanafunzi watasema nini.”

Mlinzi wa mahali, mtu mpole wa makamo, alitupa maji na kutuzungusha. Mwalimu akamwamkia, kisha akasimama wima, kama mtu anayetoa ushahidi, akataja jina alilopewa nyanya wa bibi yake. Akasema, “Alitoka Takaungu. Sisi ni wa kwao.” Naliona kwamba sauti yake haikuwa ya kunong’ona. Mlinzi hakushangaa hata kidogo. Alimwuliza majina mawili matatu ya jamaa, akatikisa kichwa, kisha akasema, “Karibu nyumbani. Mmekuja wengi.” Mwalimu akageuka kutazama upande wa hori, akakaa hivyo muda mrefu. Mimi nikaenda kuitazama minyororo ya baiskeli, ambayo haikuwa na kosa lolote.

Baadaye kidogo, yule mlinzi alituonyesha upande ambao mashamba ya watoro yalikuwa. Ni mteremko wenye minazi na mihogo, kama mteremko mwingine wowote, na mwanamke mmoja alikuwa akipalilia. Mwalimu alimwomba ruhusa, akaokota dafu changa lililoanguka, kavu, lisilofaa kitu, akalitia mfukoni mwa koti.

Tulilala hapo hapo kwa wema wa watu. Siku ya tatu tuliteremka Mazeras, ambako njia ya reli iliyoanzwa Mombasa mwaka wa 1896 ilipita ikipanda bara, na mahali ambapo sasa malori ya barabara ya Nairobi hayaishi. Fundi wa baiskeli alikuwa ameketi chini ya mwarobaini na mbao yake ya vyuma. Akautazama ule mkono wa pedali, akauingiza kidole tunduni, akatuuliza ni nani aliyeikaza. Hatukumjibu. Alitafuta mwingine katika debe la vyuma vikuukuu, akaupata unaokaribia kufanana, akaugonga, akaukaza, kisha akampa Mwalimu spana bila kuambiwa, akasema, “Kaza na wewe, mzee wangu, ili tusilaumiane.” Bei yake ilikuwa ndogo kuliko soda mbili.

Kwa kuwa siku zangu za likizo zilikuwa zimekwisha, tulipakia baiskeli zote mbili juu ya matatu kuteremka Mombasa, kisha nyingine hata Mnarani. Tulipopita njia ya kuingia Takaungu giza lilikuwa linaingia. Mwalimu aliitazama ile njia mpaka ikapita. Kisha akaniinamia, maana matatu ilikuwa na kelele ya muziki, akasema kwamba shule zikifungwa mwezi wa Desemba anakusudia kuirudia safari, lakini safari hiyo kwa miguu, kuanzia Takaungu, na kwa usiku, aone ni siku ngapi.

Akaniuliza kama nitakuja. Nikamwambia nitatazama likizo zangu.